Choroa Namba Kumi na Nne

Saa kumi na moja alfajiri, Januari, nje ya Haima.
Kipimajoto cha gari kinasoma nyuzi saba.
Sanad wa Harasisi anazima taa,
ananong'ona kama aliye msikitini:
"Usishuke kwanza. Wanaota jua."

Jua lenyewe bado halijatoka.
Lakini choroa kumi na mmoja wameshajipanga,
ubavu wote wameugeuzia mashariki,
kama watu wenye namba mkononi
wanaojua dirisha lipi litafunguliwa.

Nywele zimewasimama.
Si woga. Kila unywele umenyanyuka
kuupisha mwanga ufike chini, kwenye ngozi,
na ngozi ya choroa ni nyeusi.
Weupe ule tunaousifu ni kanzu tu;
ndani yake amevaa makaa.

Na miguu!
Agosti niliandika daftarini: kahawia, imepauka.
Leo ninaona nyeusi, nyeusi ti,
nikadhani nimekosea mnyama.
Sanad akacheka hadi kilemba kikamlegea:
"Ndiye yule yule, kumi na nne.
Baridi imemvalisha soksi."

Agosti hiyo nilimkuta chini ya mgunga
amejichimbia kitanda kwa kwato,
akapekua mchanga wa juu, unaounguza,
akalaza tumbo kwenye ule wa chini, wa jana.
Kidude tulichokishona ubavuni mwake
kilisema thelathini na sita na nusu kulipokucha,
arubaini na moja ilipofika alasiri.
Mwanangu akipata joto hilo
ningekimbia naye hospitali bila viatu.
Yeye alikuwa anacheua.
Hakupoteza jasho, maji ni mali;
alilikopa joto mchana kutwa
akalilipa usiku, kidogo kidogo, kwa upepo,
bila riba, bila shahidi.
Miezi minne hakugusa birika.
Alikula majani saa ya ukungu,
yakiwa yamelowa.

Mama yangu, Bi Shemsa,
alishuka Maskati mwaka sabini na tano
na sanduku la bati na Kiarabu cha juzuu.
Kiangazi cha kwanza alilala sakafuni,
shuka limelowekwa, mlango wazi,
akiwatukana waliomleta, mmoja mmoja, kwa majina.
Cha pili alitukana nusu yao.
Cha tano shuka likawa kavu
na hakuna aliyemwona akilikausha.
Siku hizi akienda Unguja kusalimia
harudi bila malalamiko:
hewa nzito, nguo hazikauki,
chumvi inaganda kwenye kibweta.
Yeye, aliyezaliwa katikati ya masika,
paa likivuja juu ya mkunga!

Nampigia simu, maana huamka kabla ya adhana.
Namweleza habari za miguu:
kiangazi inapauka, kipupwe inakoza,
mwaka hata mwaka, huenda na kurudi.
Ananyamaza. Nasikia kijiko ndani ya kikombe.
"Basi huyo keshanishinda," anasema.
"Mie nilibadilika mara moja tu,
nikasahau njia ya kurudi."
Halafu, kabla sijapata la kusema:
"Umevaa sweta lakini?"

Sikuvaa.
Vinyweleo vya mkono wangu vimesimama,
navitazama kwenye mwanga wa simu:
vichache, vyembamba, havipishi kitu,
havizuii kitu.
Mwili unakumbuka amri
na umesahau ilikuwa ya nini.

Jua linachomoza nyuma ya mnara wa simu.
Hakuna anayeshangilia. Choroa wanasimama tu,
wanalipokea kama mshahara.
Baada ya nusu saa manyoya yanalala,
kwanza mgongoni, kisha shingoni,
na kundi linaanza kutembea kuelekea kusini,
miguu kumi na mmoja mara nne,
wino juu ya changarawe.

Sanad anawasha gari.
Vidole vimekufa ganzi, mwandiko unapinda:
Kumi na nne. Mzima.
Miguu: nyeusi.
Naipigia mstari.
Sijui kwa nini naongeza chini yake,
mahali pasipo na safu ya kujaza:
kwa sasa.