Dereva Hayupo

Saa nne usiku, Isevya.
Luku imebaki yuniti tatu na nukta.
Kompyuta niliyouziwa na mhasibu aliyehamia Nzega
imeandika neno dogo pembeni, kwa Kiingereza chake.
Baba, kwenye kochi, miguu ndani ya beseni:
"Inasemaje?"
"Inasema dereva hayupo."

Akacheka mpaka maji yakamwagika mkekani.
"Iambie nipo! Miaka thelathini na moja,
Tabora–Kigoma, Tabora–Mpanda.
Iambie nimekaa hapa, nangoja barua yangu."

Barua ni ukurasa mmoja tu.
Mafao yamepunjwa: kwenye jalada lao
ameajiriwa tisini na moja,
naye alianza themanini na moja.
Ofisi inafunguliwa saa mbili.
Wanataka iliyochapwa. Mwandiko wake,
alisema yule binti wa dirishani, unatetemeka.

Nikachomoa waya, nikachomeka.
Nikazima, nikawasha. Nikapuliza tundu la waya
kama mtu apulizaye jicho la mtoto.
Nikaifuta printa kwenye orodha;
ikarudi na jina lilelile, imejiita nakala ya pili.
Nikabonyeza chapa. Kimya.
Nikabonyeza tena, na tena,
kama abishaye hodi nyumba anayoiona ina taa.

Msabila akanirushia bando kutoka chumbani kwake,
"Usilimalize, dada," na draiva ikaanza kushuka.
Baba akageuka kuitazama ile mistari ya kijani.
"Asilimia ishirini. Hapo uko Urambo.
Arobaini, Kaliua; kama ni Mpanda
hapa ndipo tunakata kushoto."
Sabini na moja, mtandao ukaganda.
"Nguruka," akasema. "Nguruka tulilala siku mbili,
mwaka ule wa mvua. Abiria wakapika relini."

Ilipofika, printa ikaamka kwa kelele
ikatema nusu mwezi, misalaba, vijiti,
mstari mmoja juu ya karatasi nzima,
karatasi ya pili, ya tano, ya saba,
mpaka nikaunyofoa umeme.
Baba akainua moja kwenye taa.
"Hii lugha gani?"
"Draiva ni ya mashine nyingine, baba."
"Basi njia haijui. Sisi hatukuachiwa injini
mpaka tupite kwanza na mwenzetu, mchana na usiku,
tujue wapi kuna kona, wapi ng'ombe hulala."

Nikaipindua. Wino ukanichuruzikia kanga.
Tumboni mwake, kibandiko kimebanduka nusu:
si mia mbili na kumi, kama alivyoniambia mhasibu.
Mia mbili na sabini.
Tarakimu moja.
Nilimtazama baba, naye akatazama beseni.

Upya, basi. Urambo, Kaliua, Nguruka bila kulala,
Uvinza. Saa tisa kasoro. Yuniti sifuri nukta nne.
Ikakohoa. Ikavuta karatasi moja, taratibu,
na barua ikatoka, nyeusi, imenyooka, imesomeka.
Kisha ya pili. Ya tatu.
Hodi zangu zote za usiku ule, zilizokuwa zimepanga foleni
kama mabehewa nyuma ya ishara nyekundu,
zikaitikiwa kwa pamoja: kumi na moja.

"Inatosha moja," nikasema, nikitafuta pa kuizima.
"Iache."
Akakausha miguu. Akaishika ya kwanza kwa kingo,
ingali na joto, akaisoma kwa sauti
mpaka pale penye themanini na moja.
Akachukua ya pili, akaanza tena.
"Ni ileile, baba."
"Najua."

Akaomba kalamu. Akaanza kutia sahihi,
zote, moja baada ya nyingine, goti likiwa meza.
Alikuwa kwenye ya tisa umeme ulipokatika.
Nikainuka kutafuta simu nimmulikie.
"Kaa," akasema,
na mbili zilizobaki akazitia gizani;
nilisikia kalamu tu.