Jani la Isale

Dada yangu Anansia hupiga simu Jumapili,
mama akiwa ametoka ibadani, bado na sare ya kwaya.
Sauti yake hukatika-katika,
kama redio ya betri zilizoanikwa juani.

Anasema: leo tumesimama kati ya meli yao
na mama mwenye ndama.
Mama gani?
Nyangumi, Mama.
Kimya. Ng'ombe wetu anapiga kwato bandani.
Ana maziwa?
Anayo. Mazito kuliko dang'a.

Tangu siku hiyo mama hasemi tena
"kazi gani hii ya kulinda samaki."
Anasema, wanachinja anayenyonyesha.
Anamwambia muuza mitumba wa Kiboriloni
ambaye hakuuliza.

Injini alijifunzia gereji ya Pasua,
chalichali chini ya fuso lisilo na magurudumu,
oili chafu mpaka kwenye nyusi.
Bahari aliiona ana miaka ishirini na mitatu,
akaniandikia: Kaanaeli, ni kihamba kisicho na mpaka.
Nyangumi akipumua, mgongo huuoni, unaona pumzi.
Mimi hupiga kelele: Moshi! Moshi!
Wenzangu wanadhani naita moto.
Mimi nimeona nyumbani.

Siku anaondoka alichuma jani la isale,
pale tunapopakana na kina Mlay.
Hakusema la nini.
Sasa najua: amelifunga kwa waya kwenye chuma cha mbele,
limekauka, limekunjamana kama ulimi wa kiatu.

Meli ile haijui isale.
Haijui kwamba huku kwetu
ukiletewa jani hili unashusha panga,
hata kama aliyekosewa ni wewe.
Wanawamwagia maji ya mipira, maji ya barafu,
boti inalala ubavu, inainuka,
na mkuki wa baruti
unapita juu ya kofia ya dada yangu.

Jumapili iliyopita simu haikuita.
Mama hakuvua sare mpaka giza.
Jumatatu ikaita.
Tumempoteza mama, alisema.
Ndama amezunguka boti yetu usiku kucha,
anasukumasukuma ubavu kwa mdomo.
Sikuwa na la kumpa. Nilizima injini tu.

Mama akanirudishia simu bila neno,
akachukua ndoo.
Alikamua chuchu mbili,
mbili akamwachia ndama.

Asubuhi chai ilikuwa ya rangi.
Tuliinywa hivyo hivyo.