Mengineyo

Kikao kimefunguliwa saa kumi na moja na dakika nne jioni.
Akidi imetimia: madiwani tisa,
udhuru mmoja, wa Bwana Gethin Prothero (nyonga).
Mvua ya Brynhelyg inapiga madirisha ya ukumbi,
lakini mvua haikuomba nafasi kupitia kwa mwenyekiti,
kwa hiyo siiandiki.

Miaka kumi na tisa nimekuwa mkono wa baraza hili.
Mkono hauna maoni. Mkono una wino.

Yatokanayo: hakuna.

Ajenda ya sita. Usimamizi wa huduma za matunzo.
Ripoti ina kurasa arobaini na moja.
Nyumba ya wazee ya Hafan Deg imo ukurasa wa thelathini:
kengele ya chumba cha kumi na mbili
ililia dakika hamsini, usiku wa manane,
na mhudumu wa zamu alikuwa mmoja
kwa vitanda ishirini na sita.
Kasema hayo Shahidi wa Tatu, jina limehifadhiwa.

Diwani Eirlys Bebb aliisoma sentensi hiyo mara mbili,
mara ya pili polepole,
kama mtu anayetafuta tundu la sindano gizani.
Diwani Hopkin akauliza pesa zitoke wapi:
mkaguzi wa pili ni pauni elfu thelathini na nane,
na mfuko wa barabara umetoboka
kuliko barabara zenyewe.
Wakacheka. Kicheko hakiandikwi.

Imeazimiwa: ukaguzi ubaki mara moja kwa mwaka,
na barua itangulie wiki mbili.
Wiki mbili!
Hata vumbi litapata muda wa kuaga.
Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake,
nao, wote tisa, wana magodoro yao.
Kura sita kwa tatu.
Nikaandika *sita kwa tatu*, mwandiko wangu ule mzuri.

Mama yangu analala chumba cha kumi na mbili.

Ajenda ya saba. Ruzuku kwa biashara zinazoanza.
Kijana wa bia ya mwani: imeahirishwa, alete sampuli.
Wanandoa wa kibanda cha kahawa: wapewe nusu.
Kisha Lowri Gwilt, miaka ishirini na tisa, koti limelowa,
anaomba baiskeli ya umeme na mashine ya kuchemshia vyombo.
Atapita nyumba kwa nyumba
akiwakata wazee kucha za miguu.

Madiwani wakatazama viatu vyao.
"Uzoefu?"
"Miaka sita, Hafan Deg."
"Mbona uliacha?"
Maji yalidondoka kutoka kwenye koti, nikayahesabu, manne.
"Kucha," akasema, "hukua hata pasipo mkaguzi."

Fomu yake ilikuwa mbele yangu, ya kalamu.
Niliijua ile *g*, mkia umekatwa kama wa paka wa jirani.
Barua ya Shahidi wa Tatu niliichapa mimi,
herufi kwa herufi, jikoni kwangu, chai ikipoa.
Nikaifunika fomu kwa kiganja
hadi Hopkin alipomaliza kusifu
moyo wa vijana wa kujitegemea.
Pauni elfu mbili na mia tano. Tisa kwa sifuri.
Wakapiga makofi. Niliyaandika.

"Kuna mengineyo?"
Mkono, usio na maoni, ukapanda.
"Natangaza maslahi," nikasema. "Ajenda ya sita. Nimechelewa."
Mwenyekiti akanitazama kama kiti kilichokohoa.
Karani, akasema kwa upole,
si mjumbe.
Kikao kimefungwa saa moja kasoro robo.

Nje, mlangoni, alikuwa akihangaika na mwavuli.
Hakuniuliza jina. Alinitazama pua,
ambayo ni ya mama.
"Bado anavaa zile soksi za kijivu?"
"Ya kushoto," nikasema, "huivua usiku."
"Kidole cha mwisho," akasema. "Kinambana.
Niliwaandikia."