Mashimo Uyafukie

Langoni Mutinda aliniambia, "Acha kipande,"
nikampa kitambulisho, akakitia kwenye droo
pamoja na cha fundi bomba na cha mleta gesi,
akaandika namba yangu polepole
kama mtu anayechonga.

Ruhusa ninayo, ya karatasi ya daftari,
mwandiko wa Bi Zarina umelalia kushoto:
*Chenye thamani tugawane nusu kwa nusu.
Mawaridi usiyaguse. Mashimo uyafukie.*
Ekari tisa za Kitisuru, zilizokuwa kahawa,
na kabla ya kahawa hakuna aliyeandika.
Mwezi ujao tingatinga zinakuja.

Siku za kazi natengeneza simu Luthuli,
nazijua sauti za vitu vilivyokufa nusu.
Mashine hii niliinunua kwa mtu aliyechoka kutumaini,
mpini wake nimeufunga kwa utepe wa umeme.
Naipitisha juu ya nyasi
kama anayefagia bila kugusa taka.
Msumari hukoroma.
Kizibo cha soda hudanganya, hulia kama fedha;
nimevipigia magoti vizibo
mara nyingi kuliko nilivyopiga kanisani.

Asubuhi yote: kiatu cha farasi, kijiko bila mpini,
bomba, bomba, bomba.
Kisha, ukutani pa ile nyumba ya kuoshea kahawa,
senti kumi za tundu, saba, zimegandana
kana kwamba bado zimo kwenye uzi wa mtu.
Nikaitemea mate moja, nikaisugua kwa kidole:
pembe mbili za ndovu
zimeukumbatia utupu wa katikati.

Saba haigawanyiki. Ya nne, nikasema, ni ya mwenye ardhi.

Halafu, penye kisiki cha mgrevilea,
mlio ukaja mnene, wa chini, usio na haraka.
Nikachimba kiganja. Nikachimba hadi kiwiko.
Kitu kilichoanguka tu hakifiki huko,
mvua haizamishi hivyo, ng'ombe hakanyagi hivyo.

Kikatoka kikopo bapa, si kikubwa kuliko kiberiti,
mnyororo umekizunguka mara tatu.
Kile cha shingoni. Kipande.
Nikakibandua kwa bisibisi ya simu.
Ndani karatasi ilikuwa imerudi udongo,
jina limerudi, namba imerudi,
na mchwa, nadhani,
walianza na dole gumba.

Aliyepoteza kipande alikitafuta kwa magoti,
gizani, kabla mnyapara hajaamka.
Aliyezika cha kwake
alichimba hadi kiwiko, akazungusha mnyororo,
akashindilia, akaenda zake na shingo tupu.
Sijui alifika wapi.
Sijui kama alifika.

Bi Zarina akatoka na kikombe chake cha chai.
Akazihesabu senti, akachukua tatu:
"Wewe ndiwe uliyeinama."
Kikopo akakigeuza, akakinusa.
"Na hiki tutakigawaje?"
Kisha: "Baba alilinunua shamba pamoja na vilivyomo,"
akanyamaza,
kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema.
Akakirudisha kiganjani mwangu, akavikunja vidole vyangu juu yake.
"Yale mashimo," akasema. "Usisahau."

Sikusahau.
La kisiki nililifukia mwisho,
nikalishindilia kwa kisigino,
nikalivika nyasi zake kama kofia.
Nikapitisha mashine, kuhakikisha.
Ikalia: mnene, wa chini, bila haraka.
Nikaizima.

Langoni, senti nne zikigongana mfukoni,
nikapita bila kusimama.
Mutinda akanikimbilia, mkono juu,
beji ya kampuni ikimpigapiga kifuani:
"Dada! Dada, kipande chako!"

Nikageuka, kwanza,
kukitazama kisiki.