Mizani ya Jikoni

Mizani hii niliinunua kwa ajili ya unga.
Ni ya kioo, ina ufa pembeni,
na tangu Agosti haijaonja ngano:
Alwyn ameiteka.

Siku ile kaja na skrubu. Kazimimina kwenye kisahani cha chai,
za chuma, bado zina grisi,
akaziinamia kama mtu anayesoma barua ya benki.
Kisha zile za titani, zilizotoka Taiwan kwa posta,
rangi ya moshi, nyepesi kama maganda ya alizeti.
"Ishirini na mbili," akanong'ona.
Gramu ishirini na mbili! Nikamwambia
chumvi ninayotia kwenye viazi inazidi hapo.
Hakusikia. Alikuwa anaandika kwenye daftari.

Daftari lenyewe ni la kukonda tu.
Tandiko: kaboni tupu, ni kama kukalia ganda la kaa.
Magurudumu: bei yake siitaji, mama yangu bado yu hai.
Tyubu za plastiki ya waridi, unazikunja zikaenea kiganjani.
Utepe wa usukani kaubandua.
Ncha za usukani kazikata kwa msumeno, Jumapili, bustanini,
vumbi jeusi likatua juu ya kabichi za jirani.
Hata fremu kaikwangua rangi:
gramu themanini za buluu,
buluu niliyoichagua mimi.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.
Huyu wangu anakimwaga kibaba chenyewe,
haba kwa haba, pauni kwa pauni,
na pauni za benki ndizo zinazotangulia kukimbia.

Yote hayo kwa Jumamosi moja ya Oktoba:
mwinuko wa Harrop, nyuma ya machimbo ya mawe,
dakika nne na ushei za kupanda,
watu wameegemea kuta za malisho ya kondoo
wakigonga masufuria, wakipiga mayowe mvuani.
Mwaka jana alipitwa kwa sekunde mbili
na kijana muuza jibini.

Basi Septemba, tarehe tisa, simu ikalia usiku.
Tamsin wetu kajifungua, wiki sita kabla ya siku zake.
Msichana. Hester.
Gramu elfu moja mia tisa na arobaini.
Alwyn akakaa kwenye ngazi na soksi moja mkononi.
Sijawahi kumwona akitajiwa namba ndogo
asitabasamu.

Walipotoka hospitali walikuja kukaa kwetu.
Muuguzi alipita Jumanne na Ijumaa;
siku nyingine zote, saa kumi na moja alfajiri,
nilisikia maji ya moto yakichuruzika jikoni.
Anaosha mizani. Anasugua grisi kwenye ule ufa
kwa mswaki wake mwenyewe.
Anatandika taulo ndani ya bakuli langu la mkate,
anairudisha namba kwenye sifuri,
kisha anamlaza mtoto kama anayefunga kioo kwenye dirisha,
na sote tunaacha kupumua ili namba itulie.

"Ishirini na mbili!"
Safari hii hakunong'ona. Mbwa wa jirani alibweka.
Ishirini na mbili zaidi ya jana,
skrubu zote zile, zimerudi, zimekuwa shavu.
Akaligeuza daftari, akaanza kuandika kutoka nyuma,
kurasa za mbele zikishuka, za nyuma zikipanda,
na sijui zitakutana wapi.

Jumamosi ikafika, na mvua yake.
Nilimshikia baiskeli kwa vidole viwili akifunga viatu.
Kilo tano na gramu mia tatu, aliniambia, kama kawaida yake.
Ndipo nikaiona: chini ya tandiko, imezungushwa mara mbili,
ile bangili ya plastiki ya wodini, jina na tarehe,
wino umeanza kufifia.

Kitu kisichosukuma, kisichozunguka, kisicho na kazi yoyote.
Gramu moja, labda mbili.
Aliipima. Namjua.

Alishika nafasi ya ngapi? Muulizeni muuza jibini.
Mimi nilikuwa nyumbani na mizani yangu,
nikikanda mkate uliotoka mzito kama tofali,
na ulipopoa, Tamsin alikula nusu nzima, amesimama.