Makombe Mawili

Tramu ya pwani ilitushusha Zoutkapel saa nne kasorobo:
mimi, begi moja, na Prosper,
ambaye kwa miguu yake mifupi kila kizingiti ni mlima.
Kilichotupokea ni bango lenye picha ya mbwa
aliyekatwa na mstari mwekundu.
Hapana mbwa ufukweni, saa nne asubuhi hadi saa moja jioni.
Nikatazama saa. Tulibakiwa na dakika kumi na tano za kuwa halali.

Prosper akaiona bahari.
Akaibwekea mara moja, kama mtu anayebisha hodi.
Wimbi likaitika; akajificha nyuma ya viatu vyangu.
Bahari ya Kaskazini, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo,
baridi ya kuuma fizi hata Julai.

Miaka thelathini na minne nilikuwa afisa wa kodi Kortrijk.
Nimeandika barua za kudai, za kukumbusha, za onyo la mwisho.
Mimi mwenyewe sijawahi kudaiwa senti.
Naliweka wazi hilo
ili mwelewe kilichonipata siku ya tatu.

Watoto wa huko huchimba mchanga wakajenga kaunta,
wakachomeka maua ya karatasi waliyokunja na bibi zao:
waridi, alizeti, kitu cha zambarau kisicho na jina.
Hayauzwi kwa pesa. Yanauzwa kwa makombe,
yale membamba, marefu, mfano wa wembe wa kinyozi wa zamani.

Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho, pale sheria inapoishia.
Kamba ya Prosper haikuishia hapo.
Bibi mmoja aliniuliza umri wake
(wake, si wangu), nikamgeukia: kumi na mitatu.
Nilipogeuka tena waridi halipo
na ulimi wa Prosper mwekundu kama muhuri wa serikali.

"Arobaini," akasema Jozefien, mwenye duka.
Ana miaka minane. Meno mawili hayapo, huruma nayo haipo.
"Mazima. Yaliyovunjika sipokei."
Nikatoa pochi. Akaitazama
jinsi mimi nilivyozoea kutazama visingizio.

Basi kila jioni, saa moja na dakika moja, tukashuka.
Maji yamekupwa mbali,
mimi nimeinama, yeye anachimba mashimo yasiyo na sababu,
kisha anayakalia moja moja, kama mwenye hati.
Kombe zima ni adimu kuliko unavyodhani.
Unaweza kwenda hadi miguu ife ganzi
usiokote hata moja lisilo na ufa.

Watu wakaanza kutusalimu. "Prosper hajambo?"
Muuza kamba wa kuchemsha. Mapacha wazee wenye miwani sawa.
Hakuna aliyejua kwamba naitwa Odilon.
Nilikuwa mwenye Prosper, tena mwenye deni,
na vyeo hivyo viwili vilinikaa
kuliko kile kilichokuwa mlangoni mwangu kwa herufi za shaba.

Siku ya kuondoka, kabla ya saa nne, nikalipa.
Alihesabu taratibu, akigeuza kila moja juani.
Thelathini na manane.
Mawili yalikuwa yamepasukia mfukoni
Prosper aliponilalia usiku wa radi.
Nikaanza kueleza. Akainua kiganja.
Nakijua kiganja kile. Kilikuwa changu.

"Utaleta mwakani," akasema,
akaandika mchangani kwa kidole:
PROSPER, 2.
Kumi na mitatu, nilitaka kumwambia. Sikumwambia.

Sasa tramu inatubeba, mbwa ananuka samaki aliyekufa juzi,
soksi zangu zimejaa mchanga.
Bila shaka maji yatafuta daftari lile
kabla hatujafika nyumbani.
Wanasema dawa ya deni ni kulipa.
Nimewasikia.
Nimeamua kuumwa hadi Julai.