Nyuzi Ishirini na Nne

Waliyoyasema wenzangu kumi na mmoja katika kile chumba
sheria ya huku inanikataza kuyatoa, na sitayatoa.
Nitasema yaliyosemwa hadharani
na yaliyosemwa kichwani mwangu, ambako jaji hakufika.

Newcastle, Februari. Mto Tyne dirishani
una rangi ya maji yaliyooshea masufuria.
Dakta Prudhoe anaapa, anavaa miwani, anasema:
saa nne asubuhi maiti ya Bi Doreen Askew
ilikuwa na nyuzi ishirini na nne.
Aliye hai ana thelathini na saba.
Toa. Kumi na tatu zimemtoka,
uzi mmoja kwa saa, takriban.
Basi rudini nyuma saa kumi na tatu
mtamkuta bado amesimama jikoni kwake,
na mpangaji wake, Callum Hepple, mlangoni.

Lile "takriban" alilitamka haraka,
kama mtu anayeruka dimbwi.

Kwenye daftari niliandika 3.
Nikakata, nikaandika 9.
Miaka ishirini na miwili niko huku
na saa yangu bado huanza kuhesabu jua likizama.

Siku ya pili, Dakta Tierney wa upande wa utetezi
hakuanza na maiti. Alianza na dirisha.
Lilikuwa wazi upana wa kiganja, kwa ajili ya paka.
Nje barafu. Sakafu ya vigae. Gauni limelowa.
Na Bi Doreen mwenyewe: kilo arobaini na moja.
Mwembamba hupoa upesi, alisema,
nami nikaiona chai ikimiminwa kisahanini.
Nyuzi kumi na tatu zingeweza kumtoka kwa saa saba tu.
Rudini nyuma saa saba, basi: usiku wa manane umeshapita,
Callum yuko kiwandani anapakia mikate,
kamera inamwona, unga hadi kwenye nyusi.

Niliandika 9. Nikakata. Nikaandika 3.

Jioni ile nilifungua daftari nikashindwa kujisoma.
Tatu ya Prudhoe ni tisa yao,
tisa ya Tierney ni tatu yao,
na mimi nimekata zote mbili kwa kalamu ileile.

Wakaja kwenye njegere.
Zilikuwamo tumboni, nzima, na samaki,
na jirani aliona akila saa kumi na mbili jioni.
Zingekuwa zimeshuka, alisema Prudhoe.
Si kwa mwenye hofu, alisema Tierney; tumbo la mwenye hofu husimama.
Hakuna aliyeuliza alikuwa akihofu nini
tangu saa kumi na mbili.

Mikono yangu inajua jambo. Muheza, nikiwa na miaka kumi na tisa,
tulimfunga shangazi taya kwa kitambaa kabla halijakaza,
kwa kuwa taya hutangulia, kisha shingo, kisha mabega.
Lakini niliamriwa nipime nilicholetewa,
nisipime nilichokuja nacho.
Nikaikalia mikono yangu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Huu ulikuwa wangu siku kumi na moja
na sijapata kuona usufi wa namna hiyo.

Usiku wa mwisho nilichemsha maji.
Vikombe viwili: kimoja dirishani, kimoja kabatini.
Hilo nalo limekatazwa, sasa mnalijua.
Nilikaa gizani nikichovya kidole, huku na huku,
na kikombe cha dirishani kilipoa kwanza,
kama nilivyojua kitapoa.
Hakikuniambia nani.

Ijumaa tulisema hana hatia.
Callum alitazama viatu vyake.
Dada yake marehemu alikuwa na koti lake mapajani;
alitafuta tundu la mkono, akalikosa,
akatafuta tena.